Mzee, Haydn na klarineti ya pili

Baba yangu alipiga klarineti ya pili kwenye bendi ya polisi miaka ishirini na nane, na kama hujawahi kuishi nyumba moja na mtu wa klarineti ya pili huwezi kuelewa shida yake. Shida ni kwamba wimbo haufiki nyumbani. Ile melodi yenyewe, ile watu wanaondoka nayo mdomoni gwaride likiisha, iko kwa klarineti ya kwanza na tarumbeta, na hao walikaa nyumba zingine huko. Kwetu ilikuja tu ile ya chini, pa-pa, pa-pa, nyamaza, pa-pa, halafu nota moja inashikwa mpaka wewe unayesikiliza ndio unakosa pumzi, halafu tena pa-pa.

Na hiyo yote ndani ya nyumba ya bati ya duara. Watoto wa kambi za polisi Uganda mnazijua unipoti, zile mlango wake mfupi ukiingia na haraka zako unagonga kichwa, ndio maana zikaitwa mama ingia pole. Yetu ilikua Nsambya. Klarineti ndani ya mama ingia pole sio mchezo, sauti inazunguka tu haina kona ya kujificha.

Mzee ni Msamia wa Busia, mama ni Mlugbara wa Arua, kwa hiyo lugha ya nyumba ikawa Kiswahili cha kambi, ndio hiki naandika nacho hapa, watu wa Mombasa na Unguja mtanisamehe. (Kampala bado ukiongea Kiswahili kwenye taksi kuna mtu atavuta mkoba wake karibu, anadhani wewe ni mwanajeshi au ndugu ya mwanajeshi. Nimezoea. Wakati mwingine inasaidia hata, konda anakurudishia chenji yako bila maneno.)

Sasa mzee alistaafu, na siku ya kustaafu unarudisha vitu vya serikali, unifomu, buti, na klarineti. Aliirudisha imesafishwa, imefutwa mpaka inang'aa, akasaini karatasi, basi. Tangu hapo hana chombo. Mimi nilikua nafikiria hilo jambo mara moja moja nikiwa kwenye jamu, nafikiria halafu nasahau, mpaka siku nikaona bango mjini, wapiga vyombo vya nyuzi wanne, National Theatre, Ijumaa saa moja jioni, na chini jina Haydn, yule mtunzi wa zamani wa Austria. Tiketi elfu hamsini. Nikanunua mbili kabla sijajishauri vizuri maana ningejishauri ningekumbuka kodi ya nyumba.

Kitu kimoja kilinijia baadaye ndio kikanifanya nisijute. Mzee amekua kwenye konsati na sherehe mia na mia, uwanja wa ndege, Kololo, mazishi ya wakubwa, harusi za maafisa, lakini maisha yake yote hajawahi kukaa upande wa viti. Siku zote yeye ndio alikua anafanya kazi.

Akaja na suti ya kijivu na viatu unaweza kujitazama uso ndani yake, na tukafika saa kumi na moja na dakika arobaini. Kwa shoo ya saa moja! Nikamuuliza mzee mbona mapema hivi, akasema mama, gwaride haliningoji mimi, mimi ndio naningoja gwaride. Nadhani alimaanisha nalingoja ila sikumrekebisha, yeye ndio alinifundisha kusoma.

Tukakaa nyuma pale kwenye vibanda vya sanaa wanapouza vikapu na ngoma za watalii, tukanunua chai. Kwa asiyeijua Kampala, National Theatre iko karibu kabisa na Bunge, na sio ajabu zinafanana kidamu kidogo maana waliozichora ni hao hao, Peatfield na Bodgener. Ilifunguliwa 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru. Mbele ina ule ukuta wa zege wa matundu matundu, jua la jioni likipita pale linachora kama kitenge. Sio jengo kubwa, ndani watu hawafiki mia nne, na kuna miaka ilisemwa sana kwamba livunjwe pajengwe kitu kirefu cha kisasa, wasanii wakapiga kelele, na mpaka leo bado limesimama. Mimi napenda hivyo lilivyo dogo. Miji yetu hii kila kitu kikipendwa kinaongezewa ghorofa.

Mzee alilitazama muda mrefu halafu akasema, hapa ndio pa Kawadwa. Nikasema nani. Akanitazama kama amepoteza karo ya shule bure. Byron Kawadwa alikua mwandishi na mkurugenzi wa michezo hapo, 1977 alipeleka mchezo wake Lagos kwenye lile tamasha kubwa la Waafrika, ulikua mchezo wa nyimbo kuhusu jogoo na watu wakaona ndani yake kuna utawala, aliporudi haukupita muda watu wa Amin wakamchukua, wakamuua. Mzee wakati huo alikua kijana mdogo tu Busia lakini anasema habari ilifika hata kule, kwa kunong'ona. Halafu akamaliza chai yake na hakuongea tena mpaka milango inafunguliwa.

Ndani viti vilijaa kama nusu. Wakatoka wanne, vayolini mbili, viola ambayo ni vayolini kubwa kidogo, na sello, ile kubwa ya kushika katikati ya magoti, wakainama, wakakaa. Mzee akaniinamia.

"Mama, bandmasta wao yuko wapi?"

"Hawana, baba."

"Nani sasa anawaanzisha?"

Nikasema sijui tutaona. Na tukaona kweli, maana yule wa vayolini ya kwanza alivuta pumzi, tu, akavuta pumzi kwa pua na kuinua upinde kidogo na wote wanne wakaingia pamoja kama mlango unaofungwa. Mzee akatoa ile sauti anayotoa akiona askari mzuri, mmh.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni kwamba hakuna maiki. Hakuna spika. Unajua Kampala ilivyo, kanisa lina spika, baa ina spika, muuza dawa ya panya ana spika mgongoni inaimba mwenyewe, mtu akikwambia twende kwenye muziki maana yake utarudi masikio yanalia. Hapa watu wanne wanasugua nyuzi na inabidi wewe ndio usogee kwao, unajikuta umeinama mbele kwenye kiti. Nje honi za boda zinasikika. Ukumbi wenyewe nikisema ukweli sio wa muziki, ulijengwa kwa michezo ya kuigiza, maneno yasikike wazi, na mapazia yale yanakula sauti, nota ikiisha imeisha. Ukienda Namirembe kwenye lile kanisa kuu la matofali lililomalizika 1919, kwaya ikinyamaza sauti inabaki inaelea juu kwenye kuba kama haijaambiwa kwamba wimbo umeisha. Lakini muziki huu wa wanne Haydn hakuuandikia makanisa wala kumbi kubwa, ni muziki wa sebuleni, wa marafiki wamekaa karibu, kwa hiyo ule ukavu wa National Theatre haukuuharibu sana. Ulisikia hata kucha zikigusa mbao.

Sehemu ya kwanza ikaisha na mzee akapiga makofi. Makofi ya polisi, mikono imenyooka. Akawa yeye, na mtoto mmoja mbele. Watu wakageuka, mama mmoja mwenye shali akatabasamu lile tabasamu la kukuhurumia, nikatamani kumshika mzee mkono halafu nikajizuia nikasema kwani ana kosa gani. Na kweli baadaye nilisoma, enzi zile watu walipiga makofi vizuri tu katikati, Mozart mwaka 1778 alimwandikia baba yake kutoka Paris anafurahi kabisa kwamba watu walipiga makofi hata kabla sehemu haijaisha, alikua ameweka kipande hapo makusudi akijua watashangilia. Huu ukimya wa kama uko hospitali ulikuja baadaye sana. Kwa hiyo mama wa shali, mzee wangu ndio alikua sahihi.

Halafu sehemu ya pili.

Ngoja nieleze kwanza. Sisi watoto nyumbani tulizipa nyimbo za mzee majina yetu maana za kwake hatukuzijua. Kulikua na ule wa ngazi, ule wa mbuzi, na kulikua na wa kabichi. Wa kabichi ulikua wa polepole, unashuka, unapanda kidogo, unasimama, unashuka tena, mzee aliupiga wiki nzima jioni jioni kabla wageni fulani hawajaja nchini, na kwa bahati wiki hiyo mama alipika kabichi siku zote, basi. Mimi na dada yangu tuliuimba tukiosha vyombo. Kwa masikio yetu ule ndio ulikua wimbo mzima, hatukujua kuna kitu kinakosekana.

Sasa wale wanne wakaanza, polepole, na nikasikia harufu ya kabichi. Nimekaa National Theatre na gauni nzuri, nanusa kabichi. Ilinichukua muda kuelewa nini kinanitokea, kwa sababu ile ya juu, ya vayolini ya kwanza, nilikua naijua kutoka mahali pengine kabisa, nimeisikia kombe la dunia, ni wimbo wa taifa wa Ujerumani, wachezaji wamepanga mstari. Na chini yake, kwa vayolini ya pili, karibu nota kwa nota, kulikua kunatembea wimbo wetu wa kabichi. Miaka yote hiyo nazijua zote mbili na sikuwahi kujua ni kitu kimoja! Nikamgeukia mzee nimwambie na nikakuta vidole vyake viko juu ya goti vinabonyeza. Vinabonyeza klarineti ya pili. Macho mbele, mgongo umenyooka, vidole peke yake ndio viko kazini.

Huu wimbo Haydn aliutunga 1797 kwa ajili ya mfalme wa Austria, Franz, akiwa amerudi kutoka London ambako alisikia Waingereza wanamwimbia mfalme wao akaona na sisi kwetu tungekua na kitu kama hicho. Ukaimbwa mara ya kwanza siku ya kuzaliwa ya mfalme, tarehe 12 Februari. Wajerumani waliuchukua kuwa wa taifa baadaye sana, 1922, kwa maneno mengine. Lakini mwaka ule ule wa 1797 Haydn mwenyewe aliuchukua akauweka ndani ya huu muziki wa vyombo vinne, na alichofanya nao ni kitu rahisi mpaka unajiuliza mbona hakuna mwingine alifikiria: melodi haibadiliki kabisa, inazunguka tu. Kila mmoja anapewa zamu yake kuibeba na wengine wanaipamba.

Na anayepewa zamu baada ya vayolini ya kwanza kumaliza ni vayolini ya pili.

Yaani hivi, sello ikanyamaza, viola ikanyamaza, wakabaki vayolini mbili peke yao, wa kwanza anazungukazunguka juu na nota ndogo ndogo za haraka kama kuku amefunguliwa, na wa pili, dada mmoja mwembamba aliyekaa ndani ndani ambaye mpaka hapo sikua nimemtazama hata mara moja, akaubeba wimbo wenyewe. Mzima. Kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vidole vya mzee vikasimama.

"Wamempa sekondi," akasema. Sio kwa kunong'ona hasa. Mama wa shali akageuka tena.

Halafu ikaenda kwa sello, halafu viola, halafu mwishoni ikarudi kwa wa kwanza ikapanda juu sana, na kilikua kizuri chote, lakini mzee na mimi tulikua bado tuko pale kwa yule dada.

Mapumziko tukasimama nje na sambusa. Nikamsomea mzee kwenye simu mambo ya Haydn nikidhani yatamchosha, na hapo ndio jioni ilianza kwake. Kwanza kusikia kwamba baba yake Haydn alikua fundi wa magurudumu ya mikokoteni kijijini. Halafu kwamba 1761 aliajiriwa kwa wale watawala matajiri wa Esterházy na mkataba ukasema avae unifomu, soksi nyeupe, na kila siku asimame mlangoni kuuliza bwana leo anataka muziki au hataki. Mzee akasema, huyo ni sisi. Nikamwambia na wapigaji wake walikua wanamwita Papa. Akasema naam, bandmasta mzuri mnamwita hivyo, mbaya mnamwita jina lake. Halafu nikamwambia ile ya 1772, kwamba mtawala alikawia sana kwenye jumba lake la mashambani na wanamuziki wamezuiwa huko, wake na watoto wako mbali, wakamlilia Haydn awaombee livu, yaani likizo, na Haydn hakwenda kuomba, alitunga simfoni ambayo mwishoni kila mpigaji akimaliza nota zake anazima mshumaa wake anaondoka, mmoja mmoja, mpaka wanabaki vayolini mbili tu. Mtawala akaelewa, kesho yake wote wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Banange, mzee alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mama, ungejua. Alianza kunihadithia mambo ya livu ambayo mengine siwezi kuandika hapa, na kila akimaliza moja anarudia, anazima mshumaa, anaondoka! Kengele ikalia tukaingia ndani bado anafuta macho.

Baada ya mapumziko kulikua na Mozart kidogo, sawa tu, halafu kitu ambacho kusema kweli sikukitarajia maana sikuisoma programu vizuri. Justinian Tamusuza. Huyu ni Mganda, mzaliwa wa 1951, na kazi yake hii inaitwa Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani kwenye njia ya msalaba, ndio ile Kronos Quartet wa Marekani waliirekodi kwenye albamu yao ya muziki wa Afrika 1992 na ikazunguka dunia. Vyombo ni vile vile vinne. Dakika moja tu ndani, mzee akasema, tena kwa sauti, "Hii ni amadinda."

Na sio kwamba kuna amadinda jukwaani. Ni namna nota zinavyoingiliana. Kwa wasioijua, amadinda ni zile mbao kumi na mbili zilizolazwa juu ya migomba miwili mibichi, na mbao zake wanapenda kuchonga mti wa musambya, mti ule ule uliotupa sisi jina la Nsambya. Wapigaji wanakaa pande mbili wanatazamana. Wa kwanza anaitwa omunazi, anapiga nota zake sawasawa, hazina mbwembwe. Wa pili, omwawuzi, anaingiza zake katikati, kila nota ya huyu inaangukia kwenye nafasi ya yule. Halafu wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu za mwisho. Ukimsikiliza mmoja peke yake husikii wimbo, unasikia mtu anagonga mbao. Ukisikiliza wote, wimbo unatoka, na ukitafuta nani anaupiga hakuna. Haupo mkononi kwa mtu yeyote. Kabisa. Muziki huu ulikua wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na Lubiri, ile ikulu yenyewe, iliposhambuliwa 1966 wapigaji wa mfalme wakatawanyika, na wazee kama Evaristo Muyinda ndio waliendelea kuufundisha kwa yeyote aliyetaka kujifunza, mpaka wageni.

Nilitazama yule dada wa vayolini ya pili wakati huo. Alikua anatikisa mguu. Huwezi kusema sasa ni wa pili wa nani.

Sijui kama kila mtu ukumbini alipenda. Kijana nyuma yetu aliongea na simu, kweli kabisa, alipokea simu akasema niko kwenye kitu nitakupigia. Mwishoni mzee alisimama kupiga makofi, na safari hii wote walisimama kwa hiyo haikua vituko.

Tukatoka kama saa tatu na nusu. Tukanunua rolex mbili pale barabarani, zile chapati za kukunjia mayai, mayai mawili mawili, tukapanda taksi ya kwenda kwake, akakaa dirishani. Nilitaka kumwambia mambo ya kabichi, nilikua nimeyapanga vizuri kichwani, jinsi sisi watoto tulivyokua tunafikiri wimbo ule ndio mzima. Nikaanza. Akasikiliza, akasema alijua, alikua anatusikia tukiimba, akawa anaona aibu kuturekebisha maana tulikua tunaimba vizuri, tumeshika sauti ya pili bila kuyumba, watoto wadogo hivyo.

Tukanyamaza mpaka Kibuye.

"Mama. Ile karatasi ya Haydn inapatikana?"

Nikasema nota zake ziko bure kwenye intaneti, mtu amekufa 1809 hakuna wa kumlipa, nitaprinti kesho ofisini. Nikamuuliza anataka ya vayolini ya kwanza au zote.

"Ya pili. Ya kwanza kila mtu anaijua."

"Na klarineti utatoa wapi, baba?"

"Nimesema karatasi," akasema. "Sijasema klarineti."